Punda Asiye na Hatia

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Gachoka.
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nisipolala vizuri, sitaona mavuno mengine ya ndengu. Nina miaka themanini na minne. Sikubishana. Mke wangu Kajuju, aliyekuwa amenishikia kofia, akauliza mbele ya daktari: ni nini hasa kinachokunyima usingizi, Baba Kiende?

Hapa niandike ukweli, maana mtu aliye karibu na kaburi hana sababu ya kudanganya daftari. Ni yeye. Kajuju anakoroma. Alikoroma usiku wa harusi yetu, mwaka wa 1966, na asubuhi yake akaniuliza kama ni kweli, kwa sababu dada zake walikuwa wakimcheka. Nikasema hata kidogo. Mume wa siku moja angesema nini? Na usingizi wangu ni mwepesi. Mjusi akikohoa darini, naamka.

Daktari nikamwambia ni punda wa Rashid.

Jumanne, 6 Agosti.
Kajuju alikwenda kwa Rashid kabla ya chai. Rashid ni jirani yetu, muuza nyama. Nilimfundisha darasa la tano. Punda wake, Dereva, huleta maji kutoka kisimani kila asubuhi, mitungi yao na yetu, na hajawahi kulia usiku. Rashid akasema Mwalimu asiwe na wasiwasi. Akamhamishia nyuma ya bucha.

Kajuju alilala saa tatu, amefurahi. Saa tatu na dakika nne akaanza. Huanza chini, kama mtu anayeburuta kiti, halafu hupanda kama mashine ya kusaga unga. Usiku wa manane akazinduka, akauliza kama nimelala. Nikasema yule punda ana sauti ya kufika mbali.

Jumatano, 7 Agosti.
Mpango mpya. Lazima nilale kabla yake. Nikamwomba achague ndengu baada ya chakula, nikasema za mwaka huu zina mawe. Zikaanza kudondoka kwenye sufuria. Ti. Ti. Ti. Nikamwomba atumie kikapu. Akatumia kikapu, akaanza kuimba nyimbo za kanisa. Nikamwomba asiimbe. Akanyamaza, akachoka, akaegemea ukuta, akalala hapo hapo.

Akiwa ameketi hukoroma zaidi. Sikujua. Miaka hamsini na minane ya ndoa na bado najifunza.

Alhamisi, 8 Agosti.
Nilijaza pamba masikioni. Nikausikia moyo wangu mwenyewe. Unapiga, unapiga, kisha unasimama kidogo kufikiri. Nikatoa pamba haraka. Afadhali Kajuju.

Mchana Rashid akaja, akavua viatu mlangoni. Akasema Mwalimu, nimesikia bado hulali, na punda wengine wako sokoni lakini Mwalimu mwingine hayuko. Jumamosi anamuuza Dereva. Nikauliza maji yatakuja vipi. Akasema watabeba yeye na mkewe Halimah, mgongo bado upo. Haupo. Mwaka jana Rashid alipasuliwa mgongo hospitalini. Kajuju akamwambia Mungu atakulipa, mwanangu, akampa kilo mbili za ndengu. Zilizochaguliwa.

Mimi nilitazama ukuta.

Ijumaa, 9 Agosti.
Nimekiri. Nilitaka jambo hili libaki humu, lisomwe nikishazikwa. Lakini moyo wangu una ratiba yake, na soko ni kesho.

Baada ya chai nikamwambia Kajuju yote, tangu 1966. Aliinamia kikombe chake. Nikadhani analia. Kisha akauliza kwani anakoroma namna gani. Nikamwonyesha. Nilimwonyesha vizuri mno, hata Halimah akachungulia uani kuuliza kama Mwalimu anakata roho. Kajuju alicheka mpaka akaketi chini.

Halafu akaacha kucheka. Akasema: kwa hivyo ulikuwa tayari mtu wa watu auze punda wake, mradi tu usiniambie neno moja? Nikasema nilikuwa nakuhurumia. Akasema ungemhurumia punda. Akajifunga leso, akaenda mwenyewe kumwambia Rashid. Kisha akapanda boda kwenda Runyenjes kwa binti yetu Kiende, ili mimi nilale. Aliniachia uji kwenye chupa.

Dereva hauzwi. Nyumba iko kimya. Leo nitalala fofofo.

Jumamosi, 10 Agosti.
Sikulala hata dakika. Kimya kilikuwa kingi mno. Nilijigeuza mara arobaini na tatu. Kila nilipokaribia kusinzia, nilishtuka nikitega sikio, nikasikia hakuna kitu, nikaogopa. Karibu na alfajiri nikauvuta mto wake. Haukusaidia, lakini niliendelea kuushika.

Jumapili, 11 Agosti.
Amerudi baada ya kanisa. Kwa Kiende, kitanda ni laini mno, anasema. Akanitazama, akaona macho mekundu. Akauliza kwa upole: ulikuwa na nyumba yako peke yako, Baba Kiende, sasa ni nini tena kilichokunyima usingizi?

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ni wewe, hukuwapo. Maneno matatu tu. Lakini mtu aliyekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita hawezi kusema jambo kama hilo mchana, mlango ukiwa wazi.

Nikasema ni jogoo wa Mbaka, yule wa ng'ambo ya barabara.

Ninaandika haya nikimtazama kupitia dirishani. Amejifunga leso. Anavuka.