Asali ya Moyo Yaingia Maktaba

Jumatatu, 3 Machi

Na zaidi ya hayo, mume wangu ana vidole vizuri! Hilo wifi hakutaka kulisikia. Alikuja kuchukua pasi yake, nikaanza kumweleza ukurasa anaoutengeneza kaka yake kazini, akaniomba nimwache apumue. Eti kila bibi harusi hudhani mumewe ndiye aliyegundua moto. Masikini. Hajauona.

Mimi nimeuona. Kampuni yao hutengeneza programu ya kuendeshea maktaba. Wateja huiweka wenyewe kwa kufuata maelekezo mtandaoni: unanakili mstari wa amri, unaubandika kwenye kompyuta yako, unabonyeza, basi. Shida ni kwamba ndani ya mstari kuna pengo la jina la maktaba yako, na watu husahau kulijaza. Wanabandika pengo kama lilivyo, mambo yanakwama, wanapiga simu kugomba.

Sasa mume wangu! Juu ya ukurasa ameweka kisanduku kimoja. Akaniambia, mke wangu, andika jina lolote. Nikaandika lake. Likashuka! Amri zote, hata ile ya chini kabisa, zikalipokea papo hapo, kama taa za mtaa zinavyowaka kwa mpigo. Kando ya kila amri kuna kitufe. Unagusa, imenakiliwa. Nilikaa kimya. Mimi! Akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Meneja anataka ukurasa mmoja tu, na Profesa naye ana wake. Si profesa wa kweli. Ni mwenzake wa meza ya jirani, wanamwita hivyo kwa sababu hawezi kusema "ndiyo" bila utangulizi. Alhamisi wakutubi watatu watajaribu kurasa zote mbili. Atakayeshindwa anahamishiwa tawi la mbali, safari ya kutwa nzima, akapokee simu za malalamiko.

Hatujamaliza hata kufungua zawadi za harusi!

Nimeusoma ukurasa wa Profesa. Unaanza, "Mpendwa mtumiaji, kabla hujanakili, yafaa uzingatie ya kwamba..." Nikasinzia. Hatari ni ndogo. Lakini kwa mume kama huyu, hata ndogo siitaki.

Kwa hiyo nimemsaidia kisirisiri. Ndani ya kisanduku chake kulikuwa na maneno ya kijivu: "Andika jina la maktaba." Baridi kama kibao cha "Usikojoe hapa." Mgeni hapokelewi hivyo! Alipokwenda kuoga akaacha kompyuta wazi kwenye kazi yake, nikayafuta, nikaweka jina analoniita mimi tukiwa wawili: asali-ya-moyo. Likashuka ukurasa mzima. Amri zote zikanukia. Akatoka bafuni anaimba, akautuma ofisini bila kuutazama tena.

Tumeshinda. Nasikia kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Ameingia, amekaa, hajavua viatu.

Wakutubi waliona kisanduku kimeshajaa, wakadhani kazi imekwisha, wakanakili. Nani awalaumu? Kitufe chenyewe kitamu! Basi maktaba zote zikajiandikisha kwa jina moja, na mashine ikaamini ni maktaba moja. Wa kwanza alipofuta vitabu vyake vichakavu, vikafutika vya wenzake. Mmoja wao, mama wa shule ya msingi, akakuta rafu zake za kwenye kompyuta zimejaa vitabu vya sheria. Na kwenye skrini kubwa, mbele ya wote: "Karibu Maktaba ya asali-ya-moyo." Mkutubi mzee kuliko wote akaisoma kwa sauti, taratibu, kama karani wa mahakama.

Profesa akauliza, baada ya utangulizi, kama siku hizi kampuni inatoa ushauri wa ndoa. Meneja akataka kujua huyo asali ya moyo ni nani. Mume wangu akasimama, akasema, "Ni kosa langu, mkuu."

Lake! Nilipomtazama, alisema tu kwamba neno likiwa tayari limeandikwa, macho huliamini. Meneja amempa hadi Jumatano aurekebishe. Nikalia. Akanibembeleza yeye, mimi niliyemchimbia shimo. Kuna wanaume duniani!

Jumapili, 9 Machi

Amefanya kazi kwenye meza ya kulia chakula tangu asubuhi, mimi nikimtazama tu. Pasi yetu mpya ya zawadi ikaunguza shati lake. Hakuona.

Sasa kisanduku ni kitupu, amri zimefifia, vitufe vimelala. Ukigusa kitufe kabla hujajaza, kinakataa, na kisanduku kinatikisika kidogo, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Ukijaza, kila kitu kinaamka! Jina lako linang'aa kwa rangi ndani ya kila amri, ukaona kipi chako na kipi cha mashine. Umekosea herufi? Liguse hapo hapo lilipo, lirekebishe, na mengine yote yanafuata.

Nimemwita wifi, ambaye huharibu hata kufuli. Alijitahidi sana kukosea. Ameshindwa. Kisha akasema akili hiyo kaka yake aliipata kwake.

Jumatano, 12 Machi

Ameshinda!! Meneja mwenyewe alijaribu kunakili bila kujaza, kisanduku kikamkoholea, akacheka hadi akavua miwani. Akasema ukurasa kama huu ukiwapo, hakuna haja ya mtu wa kupokea malalamiko. Profesa abaki mezani pake.

Ila tawi la mbali lina mamia ya kurasa za zamani zenye mapengo. Lazima zote zifanywe kama huu. Na nani anayeweza?

Angeshindwa, angekwenda. Ameshinda, anakwenda. Kesho alfajiri. Huenda ikawa miezi. Nakunja mashati na siyaoni kwa machozi. Wifi ananipepea kwa gazeti, ananiambia, "Jikaze, bibi harusi, hajaenda mwezini."

Jumamosi, 15 Machi

Leo nilikuwa nasoma ukurasa mmoja wa tawi kwenye simu, wa zamani, umejaa mapengo. Nikaufungua upya. Umebadilika! Kisanduku juu, vitufe vimelala vikisubiri. Mkono wake ule ule, huko mbali, na mimi nimekaa jikoni nikiushuhudia. Nimeibusu simu.

Kisha nikaona chini kuna mahali pa maoni. Nimeandika kama mkutubi mstaafu, mzee wa heshima zake, kwamba mtaalamu huyu ni hazina, lakini hawezi kufanya kazi peke yake. Atafutiwe msaidizi haraka, ikiwezekana mkewe. Nadhani nimeandika vizuri sana. Meneja amekwisha jibu! Amemshukuru mzee, ameomba namba, atampigia Jumatatu wazungumze. Nafanya mazoezi ya sauti nzito. Wifi amekubali kukohoa pembeni.

Mume wangu, vumilia. Meneja akubali, akatae, kabla mwezi haujaisha utasikia hodi mlangoni kwako, na ni mimi.