Samaki Watatu wa Marehemu

Jumatatu, 4 Machi
Inzi weupe wameingia kwenye nyanya. Tena! Za Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, zinang'aa ng'ambo ya uzio. Yeye hupiga dawa kwa bomba la mgongoni. Leo alipokuja kuwalisha samaki watatu wa dada yake tangini, alisema kwangu kila kitu kinakufa, bora awahamishie kwake. Thubutu! Marehemu aliwalisha hadi siku ya mwisho. Sina kingine kilichobaki.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Dawa ya kunyonywa na mizizi nitaipitisha kwenye mipira ya kumwagilia kwa matone. Bomba la nini? Shemeji atakoma. Bwana shamba kakubali, ila masharti kibao: nianze na maji matupu, dawa niiingize katikati, nimalizie na maji ya kusafisha mipira. Na lazima nifunge vali ya kuzuia maji kurudi, maana shamba liko juu, na pampu ya umeme inavuta maji kutoka tangi lilelile la samaki, bondeni. Nikaitikia. Vali ninayo, marehemu aliinunua. Imo sandukuni mwake. Sijalifungua tangu tumzike.

Jumatano, 6 Machi
Nimeligusa kufuli mara mbili. Nimeshindwa. Basi, bila vali. Nusu saa tu!

Alhamisi, 7 Machi
Maji, dawa, kila kitu sawasawa. Nikamwita Shemeji aje aone mwanamume anavyofanya kazi ameketi. Umeme ukakatika, pampu ikazima. Mipira ikakoroma, maji yakageuka, yakashuka na dawa yote tangini. Wawili walielea hapohapo. Shemeji alimwahi wa tatu kwa ndoo. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Nimelia mbele yake, basi.

Jumamosi, 9 Machi
Maji ya tangi yamemwagwa shimoni, tangi limesuguliwa mara tatu. Shemeji kaja na ndoo. Aliomba ufunguo, akafungua sanduku mwenyewe, akaitoa vali ndani ya kitambaa cha marehemu. Alisema, "Huyu mmoja ni wako, Shemeji. Funga vali." Nikamwapia.

Jumapili, 10 Machi
Samaki yuko tangini, anazunguka peke yake. Nimemrushia makombo, akala.
Kitambaa bado kina harufu ya mke wangu. Vali nimeiviringisha humo, nikairudisha sandukuni. Kesho napitisha mbolea kwenye mipira. Nusu saa tu. Umeme ulishakatika wiki hii, hauwezi kukatika tena.