Alama za Namba 74

Jumatatu, 4 Novemba

Tumefungwa jana, sisi Wahunzi wa futiboli ya Kimarekani. 27–10. Mrushaji wetu kaangushwa mara tano. Mara ya tano alibaki chini akitazama mawingu kama mtu aliyekuja pikiniki. Nani kawaachia njia? Hoekstra! Namba 74, mlinzi wa mwisho kushoto katika ule ukuta wa watu watano ambao kazi yao yote duniani ni kumkinga mrushaji. Kilo mia moja arobaini na tano, na watu wanampita kama mlango wa duka.

Nimeangalia marudio mara tatu, penseli mkononi. Safu A, miguu. Safu B, mikono. Safu C, matokeo. Michezo 64, yaani mpira kuanzishwa mara 64, makosa 31. Alama: 51.6 kwa mia. Gereji yangu ya ekzosi niliianza na jeki moja na mwavuli. Fundi wangu akikosea bolti 31 kwa siku, siku hiyo haimalizi.

Nikapiga simu redioni, kipindi cha Denny, kuwajulisha mashabiki wenzangu wa Wahunzi. Nilijiandaa kwa dakika nne. Sekunde ya kumi na tisa, ndiyo kwanza naingia safu C, akanikata. Aliyefuata hewani? Elmer, kaka wa mke wangu. Akautangazia mji mzima wa Toledo kwamba aliyetangulia ni shemeji yake, na hajawahi kuzuia kitu maishani isipokuwa njia ya gari la jirani.

Jioni kaja kula kabichi yetu ya kujaza nyama kana kwamba hakuna kilichotokea. Anasema kijana anaonewa. Elmer alicheza kwenye ukuta huko sekondari, mwaka 1978, wiki sita, na mpaka leo anachechemea kama katoka vitani. Nikamwambia namba hazina undugu. Akasema basi tuweke ahadi. Jumapili mrushaji akiangushwa hata mara moja kwa kosa la Hoekstra, Elmer hatamtaja huyo kijana mezani kwangu mpaka Pasaka. Asipoangushwa kwa kosa lake, namkabidhi koleo.

Koleo langu! Miaka ishirini na mbili mimi ndiye ninayechoma soseji kwenye maegesho ya uwanja kabla ya kila mechi ya nyumbani. Watu thelathini wananijia na sahani na kuniita bosi. Nimekubali kabla Elmer hajameza. Kwa 51.6, mtu hashindwi.

Margit, mke wangu, kaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwonyesha karatasi.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya ajabu. Saa nne asubuhi limeingia pikapu linalonguruma kama trekta, ekzosi ikiburuta chini. Limeinama upande wa dereva. Dereva akashuka, pikapu likapumua.

Hoekstra!

Jumanne wachezaji hupumzika. Kumbe na wao ekzosi zao hukatika. Kijana mpole, kavua kofia mlangoni, kaniita mzee. Nikajikaza. Nikamwambia bomba limeoza, kipande cha kati kibadilishwe, saa moja na nusu.

“Sauti yako naijua, mzee. Wewe ndiye wa safu C.”

Nikasema Toledo ina watu wengi wenye sauti.

Akacheka, kopo la nati likatetemeka rafuni. Akaomba kuiona hiyo karatasi. Ningefanyaje? Ilikuwa mfukoni mwangu. Akaisoma yote, pole pole, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Kisha akachukua nati tano kubwa, akazipanga kwenye meza yangu ya kazi: ukuta. Nyuma akasimamisha plagi: mrushaji. Pembeni yake bolti fupi: mkimbiaji, ambaye naye husaidia kumkinga.

“Mchezo wa kumi na mbili, umeniandikia kosa,” akasema. “Hapo sote watano tunahamia kulia. Mpinzani wangu ni huyu wa ndani. Yule wa nje ananipita kwa ruhusa, ni wa mkimbiaji. Mkimbiaji kalala.”

Nikasema kwenye televisheni nimeona mtu akimpita.

“Ndiyo, mzee. Ungemwona pia yule wangu, kama angefika. Hakufika.”

Tukaenda mchezo kwa mchezo. Wateja wawili wakasubiri. Makosa 19 hayakuwa yake hata kidogo! Yaliyobaki 12 akayakubali moja moja, bila kisingizio. Halafu akachukua penseli yangu akaongeza mawili ambayo sikuyaona. Makosa 14 kati ya 64. Alama 78.1.

Wakati nafunga bomba kaniambia kocha kampa Jumapili hii tu. Akiharibu, anarudi kwa baba yake Iowa kukamua. Tayari kuna mtu mwingine wamemkatia tiketi ya ndege. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema ng'ombe hawaangalii marudio.

Kaondoka kimya kimya, namaanisha pikapu. Kazi nzuri ile.

Koleo langu limo hatarini.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempigia Elmer. Kwa roho safi kabisa nimemwambia niko tayari tubadilishane upande, yeye amkandie Hoekstra, mimi nimtetee, ili kuimarisha undugu. Kisha akaniuliza nimeona nini. Nikasema sijaona kitu. Akasema basi yeye yuko vizuri alipo, na tayari Margit kamshonea aproni.

Margit! Ndani ya nyumba yangu!

Alhamisi, 7 Novemba

Usingizi haukuja, akili ikaja. Ahadi yetu ni ya mdomo. Kitu cha mdomo huandikwa, na anayeandika ndiye anayechagua maneno. Nimeketi ofisini, nimeandika vifungu sita. Vitano ni maua. Cha nne ndicho chenye nyama: “Mrushaji akiangushwa na mtu yeyote aliyepitia upande wa kushoto, kosa litahesabiwa ni la Hoekstra.”

Mtu yeyote. Maana yake mkimbiaji akilala, koleo linabaki nyumbani. Na mkimbiaji yule hulala, nimeshamhesabu: mara 19 katika mechi moja!

Elmer katia sahihi juu ya boneti ya gari, bila kusoma. Anasema undugu hausomwi. Nikamwambia ni kweli kabisa.

Ijumaa na Jumamosi, 8 na 9 Novemba

Nimesafisha koleo. Nimefurahi sana. Kila nikimkumbuka yule kijana akiongeza makosa mawili kwa penseli yangu, nakwenda kusafisha tena.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika nikiwa sina sauti.

Asubuhi nimechoma soseji 52, hakuna lawama. Elmer kasimama nyuma yangu muda wote na aproni yake mpya, akinikumbusha kugeuza. Theluji nyepesi. Tukaingia uwanjani, viti vyetu vilevile, Margit katikati kwa ajili ya amani.

Kipindi cha kwanza Hoekstra ni ukuta wa benki. Yule anayekabana naye, jitu lenye nywele hadi kiunoni, kamjaribu ndani, nje, kwa mabega, kwa maneno. Hapiti. Nikaandika. 31 kati ya 32! Tunaongoza 13–10.

Robo ya tatu ndipo ilipotokea. Ukuta wote unahamia kulia. Nikauona mchezo kabla haujatokea! Hoekstra anachukua wa ndani, kama kwenye meza yangu ya kazi. Wa nje anapita kushoto, mkimbiaji anamtazama kama anatazama basi la watu wengine, na mrushaji wetu yuko chini, miguu juu.

Kifungu cha nne. Nimeshinda!

Jukwaa zima likaanza kumzomea 74. Mtu mmoja nyuma yangu, kajipaka rangi ya timu hadi masikioni, akapiga kelele huyo ng'ombe arudishwe zizini. Margit anasema hapo ndipo niliposimama juu ya kiti. Mimi sikumbuki kusimama.

“Siyo wake!” nikasema. “Wake ni wa ndani! Huyo wa nje ni wa mkimbiaji, nyie vipofu! Ukuta umehamia kulia!”

Aliyejipaka rangi akaniuliza mimi ni nani. Nikamweleza, kwa kutumia chupa tano za maji na kiatu cha Margit. Mistari mitatu ya viti ikageuka kusikiliza. Mzee mmoja akasema kweli, hata yeye alikuwa na wasiwasi na mkimbiaji tangu Septemba. Zomeo likafa upande wetu. Tukaanza kuimba jina la kijana. Likaenea mpaka upande wa pili wa uwanja.

Nilipokaa, Elmer alikuwa ananitazama.

“Rudia, shemeji,” akasema. “Kosa la nani?”

Kifungu cha nne kilikuwa mfukoni, na sahihi yake. Ningeweza kukitoa. Uwanjani Hoekstra alikuwa anamwinua mrushaji kwa mkono mmoja kama mtoto.

Nikasema, “La mkimbiaji.” Na kwa kuwa siwezi kujizuia nikaongeza asilimia.

Tumeshinda 20–17. Hoekstra: 58 kati ya 61. Alama 95.1! Elmer na mimi tumekumbatiana tukaanguka kwenye theluji ya maegesho, na nilipoinuka koleo lilikuwa mkononi mwake.

Jumatatu, 11 Novemba

Redioni wanasema Hoekstra anabaki. Yule wa tiketi ya ndege kageuzwa njiani. Nimewanunulia mafundi keki. Hawakuuliza kwa nini, wamezoea nikiwa na hasira, wamekula haraka.

Jumapili, 17 Novemba

Tumeshinda tena. Lakini siyo la kuandika hilo.

La kuandika ni Elmer. Leo kachoma yeye. Mimi nimesimama mita kumi na mbili, nyuma ya gari la jirani, kwa heshima, na karatasi mpya. Safu A, kugeuza. Safu B, moto. Safu C, matokeo. Soseji 48, makosa 21. Saba nyeusi kama tairi! Kumi na nne kazitoa zikiwa karibu mbichi! Alama 56.25. Ningeweza kukadiria ziwe 56.3. Sikukadiria.

Nyumbani nikamsomea Margit. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema zile saba ni za mzee Bodnar, ambaye kila mwaka huomba zake ziungue, na mimi ndiye nimekuwa nikimnyima kwa miaka ishirini na mbili. Na zile kumi na nne watu waliomba ziive nusu tu, wakamalizie kuchoma nyumbani kwao.

Visingizio. Kwa macho yangu nimeona soseji nyeusi. Alama sibadilishi.