Majedwali Sitini na Siku ya Jina la Sava

Jumatatu, 2 Desemba
Balaa. Makao makuu kule mjini Sofia wamebadilisha jina la hifadhidata ya maziwa bila kumwambia mtu. Majedwali yetu sitini yanaitafuta kwa jina la kale na hayaioni. Kiwanda kizima cha mtindi hakijui kina lita ngapi. Bosi, Bi Tsvetanova, ametugawia mimi na Sava thelathini thelathini. Atakayemwonyesha kazi safi Ijumaa atarithi kiti cha mzee Stoimen anayestaafu: mkuu wa takwimu, meza ya karibu na hita. Mimi nina miaka kumi na moja mlangoni, napigwa baridi. Sava ana miwili, na tayari wote wanamwita Savcho, kwa mapenzi. Mimi ni Ignat tu. Sina wivu. Naandika tu.

Jumatano, 4 Desemba
Nafungua jedwali moja moja, naandika jina jipya, nahifadhi. Haba na haba. Nimefika kumi na nane, macho mekundu. Sava kutwa anapiga soga na Bi Zorka wa maabara, ambaye mizaha yangu haijawahi kumchekesha. Saa tisa akaja kwangu: kaka Ignat, mbona unajitesa? Yeye kaandika jina kwenye kisanduku kimoja cha faili moja, majedwali yake yote yanalisoma hapo. Jina likibadilika tena, anabadilisha mara moja, basi. Nilete na yangu ayaunge? Nikamwambia asante, kila mtu na mkono wake. Ni wivu, nakiri. Kisanduku kimoja! Kwa nini sikuwaza hilo mimi?

Alhamisi, 5 Desemba
Siku ya jina la Sava, yaani sikukuu ya mtakatifu anayeitwa kama yeye: mwenye jina hukaribisha, wote huja kumtakia heri. Kailisha ofisi nzima banitsa tatu, zile pai za jibini, alizooka mama yake. Wote jikoni. Nikasingizia tumbo. Kutokwenda kumtakia mtu heri siku ya jina lake ni ufidhuli, lakini kiti ni kiti. Nikaketi mezani kwake, nikafungua lile faili, nikarudisha jina la kale. Sekunde tano. Kutoka jikoni nikasikia makofi. Ya nini tena? Baadaye akaniletea kipande: kula kidogo kaka, tumbo litatulia. Nikala. Kilikuwa kitamu, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 6 Desemba
Bosi akaanza na yangu, niliyoyamaliza Jumatano usiku. La kwanza: hifadhidata haipatikani. La pili vilevile. Yote thelathini! Bi Zorka akashangaa: kwani jana hukusikia? Savcho kakuonea huruma, asubuhi kabla hujafika kayaunga na yako kwenye kisanduku chake. Alitangaza jikoni, tukampigia makofi. We ulikuwa wapi? Nikasema tumbo. Sava akafungua faili, akalitazama jina, akanitazama mimi. Akamwambia bosi kosa ni lake, alighafilika. Akaandika neno moja, sitini yote yakafufuka. Kiti kapewa papo hapo. Kwa uungwana wake, ati.

Jumatatu, 9 Desemba
Sava yuko kwenye hita, kakunja mikono ya shati. Mimi niko mlangoni na koti. Nimewaza siku mbili kwa nini alinisitiri. Nimegundua: ujanja. Anataka nimshukuru. Hanipati.

Tarehe ishirini wakubwa wa Sofia wanakuja kusomewa ripoti ya mwaka. Tarehe ishirini ni siku ya jina langu. Nitaleta banitsa sita, mara mbili ya zake. Ofisi nzima itajazana jikoni kunitakia heri, meza yake itabaki tupu, nami nitapenya hadi kwenye lile faili. Hakuna atakayegundua kwamba sipo.