Sultani wa Kitanda cha Tatu

Kwako Daktari Mkuu wa Wodi ya Watoto,

Shikamoo. Najua nimekuzidi umri, lakini cheo nacho ni umri. Mimi ni mama wa yule binti wa miaka mitano, kitanda cha tatu, anayehesabu hadi mia bila kupumua. Amenirithi mimi. Shule niliiaga mapema, akili sikuiaga.

Siku ile uliposimama miguuni pa kitanda ukaniambia ni saratani ya damu, mtoto alisikia "sultani wa damu", akadhani ni cheo amepewa. Akaniuliza, mama, huyo sultani ndiye mkubwa wa wote? Nikamjibu ndiye, hakuna wa kumzidi. Ulimi ulitangulia, nami nikaufuata. Tangu hapo binti yangu anatawala, na wodi yako haimpi heshima yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wauguzi wanamtoa damu bila kupiga hodi. Damu ya sultani haichotwi kama maji ya bomba. Ameamuru kila sindano iseme kwanza "naomba njia", na anayetii ni yule muuguzi mwenye mwanya peke yake. Huyo apandishwe cheo.

2. Nywele zake ziliponyonyoka, mfagizi alizizoa pamoja na maganda ya ndizi, ilhali mwenyewe alishatangaza kwamba nywele zimepisha taji. Taji nimelishona mimi kwa pazia langu la sebuleni. Limempendeza kuliko lilivyopendeza dirishani, na kila mtu amesema.

3. Serikali imeshaundwa na ninyi hamna habari. Mtoto wa kitanda cha nne, mwenye uvimbe, ni Waziri wa Figo. Wa kitanda cha sita analia kutwa anataka wizara, na yeye kavunjika mguu tu. Mama yake ameninunia. Mhamishieni wodi ya mifupa, akaombe kazi huko.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mshauri wa watoto amesema Alhamisi atakuja na kitabu cha picha, amweleze binti yangu ugonjwa wake kwa jina lake halisi. Nakuomba kwa adabu zote umzuie. Mtoto wa miaka mitano anaelewa nini? Wewe ni bingwa wa ugonjwa. Bingwa wa mtoto huyu ni mimi. Mwezi mzima sijamwona akiogopa. Ukimvua usultani, utamvika nini?

Wasalimie wauguzi wote, hata wasiopiga hodi. Mfagizi naye mwambie sina kinyongo. Waziri wa Figo anakusalimu.

Ni mimi,
Mama Sultani

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, binti aliniuliza naandika nini. Nikamwambia namkataa mshauri. Akaniangalia kama unavyomwangalia mgeni aliyepotea njia. Kumbe anajua ni saratani. Waziri wa Figo alimweleza wiki ya kwanza, kwamba kuna damu mbaya inazaana, dawa inaifukuza, na nywele zitaota. Nikamuuliza, sasa usultani wa nini? Akasema, wa kwako, mama. Ukisikia saratani unaenda kulia bafuni, ukisikia sultani unacheka.

Basi mshauri aje hiyo Alhamisi. Mtoto amesema atakaa pembeni yangu mpaka nielewe.