Firigisi ya Babu Antipasi

Jumapili, 2 Juni

Leo Mama Yasinta, kiongozi wetu wa maombi, amegawa fomu za wiki ya kufunguliwa kutoka laana za ukoo. Karatasi moja, safu nne: jina, kosa, laana, dalili. Turudi nyuma hadi kizazi cha nne.

Magreth akaomba karatasi ya ziada. Akaiomba kwa sauti, kanisa zima lisikie. Ana babu mganga, shangazi aliyekimbia na ng'ombe wa mahari, na baba mdogo aliyefukuzwa kijijini kwa jambo ambalo ukoo hautaji. Mama Yasinta akamshika bega na kusema ataombewa wa kwanza.

Yangu nyeupe. Nina shahada ya ualimu, lakini ukoo wangu hauna hata mlevi wa kutajika. Walima alizeti tu! Niliandika "wivu", nikafuta.

Ila laana lazima ipo. Usaili wa ajira mara tatu, na mara tatu nimeanguka. Wa nne ni Ijumaa hii. Mtu haanguki mara tatu hivihivi. Magreth anasema ni kwa sababu naongea haraka mno. Huyo ndiye rafiki yangu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeipata!

Asubuhi nilikuwa bombani. Jirani yetu Hanifa alikuwa anasafisha kuku. Akapasua firigisi, akamwaga changarawe, akamenya ile ngozi ya njano. Nikakumbuka yote, nikaacha ndoo.

Kijijini Sepuka. Nina miaka kumi, nimekwenda likizo kwa Babu Antipasi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na akija mgeni wa heshima hupewa yeye. Mtoto haigusi. Mimi niliichomoa chunguni ikiwa ya moto na kuimeza karibu nzima. Babu aligeuza mboga bakulini mara mbili, akaweka mkono chini, akasema, "Aliyeila atatafuta asipate." Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa mtoto anayejua sala zote kwa kichwa.

Atatafuta asipate! Nani ametafuta asipate kunishinda mimi? Kazi, sina. Mchumba, nilikuwa naye. Damiani ameoa huko Manyoni. Nilijaza safu zote nne kwa kalamu nyekundu. Nikauwaza uso wa Magreth. Furaha tupu.

Saa kumi jioni nikaisoma tena. Furaha ikaisha. Hii si karatasi ya kumwonyesha Magreth. Ni mimi. Babu alifariki miaka miwili baadaye, na neno lake halikuondolewa.

Nilimwuliza Hanifa, kwao firigisi ni ya nani. Akasema ni ya anayepika, na kama ningekuwa na kazi nisingekuwa na nafasi ya kuuliza.

Hilo ndilo tatizo lenyewe, Hanifa.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Mchungaji Ezekieli. Aliisoma fomu akiwa amekunja midomo. Akasema laana zetu zilishabebwa msalabani, hakuna iliyobaki njiani kunitafuta. Nitubu kwa Mungu, nimwombe radhi niliyemkosea, kisha nikalale. Nikasema niliyemkosea amekufa. Akauliza kuhusu mjane wake. Nikakiri kwamba Bibi Kristina yu hai na ana nguvu. Basi, akasema, nenda.

Nikauliza kama haiwezekani kuombewa kutoka hapa Utemini, kwa mbali. Akaangalia saa ya ukutani.

Kukiri siwezi. Bibi ananiita malaika wake mbele ya wajukuu wote. Kwa hiyo nimepanga hivi: nitampelekea firigisi nusu kilo, yaani malipo mara kumi ya deni. Kisha nitamwongoza taratibu mpaka aseme anawasamehe wote waliowahi kumkosea. "Wote" ni pamoja na mimi. Mungu anajua sarufi.

Jumatano, 5 Juni

Sepuka. Nilimkuta Bibi uani, anapiga alizeti kwa fimbo, rozari shingoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mke mwenzangu, mbona umekonda hivi, huko mjini mnakula karatasi? Nikaweka mfuko wangu juu ya kigoda. Tukasalimiana habari za baba, mama, mvua, mbuzi. Kwetu salamu ni ndefu. Mbwa akamaliza nusu kilo yote kabla hatujafika kwenye kuku.

Bibi akasema mbwa huyo leo amebarikiwa.

Nikaanza mpango. Nikamwuliza kama amewasamehe watu wote. Akasema hapana. Shemeji yake Mathayo bado, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mama mmoja wa jumuiya bado. Nikashauri awasamehe wote kwa pamoja, ni rahisi zaidi. Akasema kila mtu na zamu yake, nisiwachanganye.

Nikasema, tuseme kuna mtoto alifanya kosa, amelificha siku nyingi. Bibi akaweka fimbo chini. Akanitazama tumbo. Akauliza ni wa nani, na kama huyo kijana amebatizwa.

Sikubakiwa na mpango wowote. Nikapiga magoti palepale kwenye makapi.

"Bibi, firigisi ya babu niliila mimi."

Alitoa kwanza kipande cha kapi kilichonasa kwenye rozari.

"Najua. Nilikuwa mlangoni. Uliungua ulimi, ukatia kichwa chote kwenye mtungi."

Miaka kumi na minne! Akanisimulia huku akipepeta. Jioni ileile alimwambia Babu kwamba yule kuku hakuwa na firigisi, alizaliwa hivyo. Babu akainuka, akachota maji kwa kata, akajaza kinywa, akayapuliza kizingitini mwa chumba nilimolala. Akaliondoa neno lake. Akamwomba Mungu kila mtoto wa nyumba hii atafute na apate. Kisha akatoka kwenda kumhadithia Mathayo habari za kuku asiye na firigisi. Aliisimulia miaka miwili, kilabuni, kwenye jumuiya, kwenye foleni ya zahanati. Watu walitoka mbali kuja kuwatazama vifaranga wa kuku huyo.

Nikauliza, basi Babu alikufa akiamini?

Bibi akacheka mpaka ungo ukamwagika. "Mke mwenzangu, yule mzee alichinja kuku miaka sitini."

Nililia. Si kilio cha huzuni. Ni kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani na shingo bado haijui. Kumbe nimeishi na baraka kizingitini muda wote huu, nikiiruka kila nilipotoka na kuingia.

Nikauliza, sasa mbona nimeanguka mara tatu? Bibi akataka nimwonyeshe ninavyojibu. Nikaanza kueleza mbinu za kufundishia. Baada ya muda akainua mkono. Akasema ninaongea haraka mno.

Akaniwekea kiganja kichwani, akaomba kwa Kinyaturu, kwa ufupi. Kisha akasema ninyanyuke, alizeti haijipigi yenyewe. Magunia mawili. Viganja vimechubuka. Nimerudi na jogoo mzima, mwekundu kama kutu, zawadi kwa mchungaji aliyenituma.

Ijumaa, 7 Juni

Usaili. Niliongea polepole. Mjumbe mmoja aliandika kila nilichosema. Mwingine alitabasamu, au jino lilimuuma. Sikutetemeka hata mara moja. Majibu wiki ijayo.

Nje nilimkuta Magreth amesimama juani na chupa ya maji. Alikuwa amekuja kunisubiri. Akaniambia kwamba Jumatano aliombewa karatasi zote mbili, na alichohisi hasa ni njaa. Tulicheka mpaka mlinzi akatuhamisha. Nimemsamehe. Sikumwambia kwa nini.

Nimechana fomu yangu. Sitatafuta laana tena. Mimi ni mtu huru, mtulivu, mwenye kuongea polepole. Jioni hii hata chai ina ladha.

Jumapili, 9 Juni

Mchungaji Ezekieli amekuja kula kwetu baada ya ibada. Jogoo wa Bibi nimempika mimi.

Niandike nilivyofikiri, maana nilifikiri kwa makini sana. Kama nisingeila ile firigisi, Babu asingepuliza maji kizingitini. Kwa hiyo baraka ilianzia kwenye firigisi. Majibu ya usaili yanatoka wiki hii. Si wakati wa kubahatisha. Mama alikuwa sebuleni. Chungu kilikuwa kinachemka.

Nimeungua ulimi.

Mchungaji aligeuza mboga bakulini mara mbili. Baba akamtazama Mama. Mama akanitazama mimi. Nikasema, polepole kama nilivyojifunza, kwamba yule jogoo hakuwa na firigisi. Alizaliwa hivyo.

Mchungaji akaweka mkono chini. Akasema inashangaza. Zamani, alipokuwa mwinjilisti kijana huko Mtinko, aliendesha baiskeli siku nzima mpaka Sepuka kwenda kuwaona vifaranga wa kuku wa namna hiyo, kwa mzee mmoja mcheshi sana. Akasema huenda ni wa ukoo mmoja. Baba akasema kweli, damu haipotei.

Kisha akaomba. Aliiombea nyumba yote, kwa majina, kwa muda mrefu. Nilifungua jicho moja. Yake yote mawili yalikuwa wazi, yananitazama.

Sijui kama ile ilikuwa baraka.

Jioni nimepita kwa Mama Yasinta, nikaomba fomu nyingine. Nikasema ni ya rafiki yangu.

Amenipa mbili.