Giza la Saa Saba

Jumapili, 24 Juni 1973

Habari kubwa! Hedimasta, Mzee Aluka, ametushika mlangoni mwa kanisa. Chuo cha ualimu kimeipa shule yetu nafasi moja. Moja! Na walimu tusio na cheti hapa ni wawili: mimi Makokha, darasa la sita, na Mwalimu Adeke, darasa la saba. Mkaguzi, Bwana Ikapel, anakuja Jumamosi, siku ya kupatwa kwa jua, aone nani anajua kufundisha sayansi. Adeke ana miaka miwili tu kazini. Mimi nina minne, na sauti inayofika sokoni Amukura. Nafasi ni yangu. Nimefua shati jeupe.

Jumatatu, 25 Juni

Nimesikiliza redio ya Kiingereza kutoka London, sikio likiwa limebanwa kwenye kipaza sauti. Mtangazaji kasema huku kwetu jua litazibwa saa saba. Akaongeza herufi tatu, G, M, T. Nadhani ni jina la stesheni. Sijamwambia Adeke. Atangaziwe na mwingine.

Jumanne, 26 Juni

Somo la majaribio. Karabai ikawa jua, boga likawa dunia, limau likawa mwezi. Nikaweka karabai huku, boga katikati, limau kule. Nikatangaza kwa fahari: hivi ndivyo jua linavyopatwa! Adeke alikuwa anapita dirishani. Akasema kwa upole kwamba hapo nimepatwisha mwezi. Ili jua lipatwe, mwezi ndio ukae katikati. Darasa zima likacheka. Nikasema nilikuwa nawapima. Hakuna aliyeamini. Hata boga lilionekana kunicheka.

Mchana, baraza la chifu. Nikaomba nafasi ya kusema. Nikawaambia watu kwamba Jumamosi saa saba kamili giza totoro litaingia, wafungie kuku. Wamama walishika vichwa. Mama Nanjala, anayeuza uji karibu na shule, akauliza kama alete taa. Nikamwambia alete mbili. Kwa mara ya kwanza watu waliniita Profesa. Nalala nikitabasamu.

Alhamisi, 28 Juni

Adeke ameniita kando. Anasema saa saba ile ni saa ya Greenwich, kule Uingereza. Dunia inazunguka, jua linatufikia sisi kwanza, kwa hiyo saa zetu ziko mbele kwa tatu. Huku ni saa kumi. Na giza kamili litakuwa kaskazini, kwenye Ziwa Rudolf. Sisi tutaona jua limemegwa tu. Akasema pia mtoto yeyote asilitazame jua kwa macho, litamchoma. Ametoboa kadibodi kwa sindano. Mwanga unapita, picha ya jua inaangukia karatasi.

Nimemshukuru. Kadibodi! Yeye anataka kunichanganya tu. Mimi nitaleta vioo vilivyopakwa masizi vya kutazamia jua, kila mtoto na chake.

Ijumaa, 29 Juni

Nimeendesha baiskeli hadi Busia mjini kwa Osman mwenye duka. Kanipa vipande vya madirisha yaliyovunjika, bure. Tukavipaka masizi pamoja. Akasema, "Boss, imamu wetu amesikia redio ya Nairobi. Sala ya kupatwa kwa jua ni saa kumi." Nikamwambia Nairobi huchelewa kwa kila kitu.

Kwenye mteremko wa Adungosi nikakutana na ng'ombe. Ng'ombe hakusogea. Vioo vyote vimevunjika. Masizi yako kwenye shati jeupe. Mungu anajua ninavyoteseka kwa ajili ya sayansi.

Jumamosi, 30 Juni

Siku ndefu kuliko zote.

Saa sita uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Chifu kwenye kiti. Mama Nanjala na taa mbili. Bwana Ikapel na daftari. Saa saba nikapanda juu ya dawati, nikainua mkono: tazameni, giza linakuja!

Jua likawaka.

Saa saba na robo likazidi kuwaka. Mzee mmoja akauliza kama giza limepata pancha njiani. Watu wakaangua kicheko, wakaanza kuondoka. Bwana Ikapel akaandika kitu. Sentensi ndefu. Nikateremka, nikaingia stoo ya majembe, nikajifungia. Niliona chuo kikinipa mgongo. Sioni aibu kuandika kwamba nililia kidogo.

Watu walirudi, maana Adeke aliwaambia saa yenyewe ni kumi. Saa tisa hivi nikasikia Adeke nje akisema mwezi umeanza kuuma, na watoto wote watazame chini. Alikuwa na kadibodi moja. Watoto walikuwa mia mbili. Walisukumana, na wengine, nilisikia akiwakemea, walikuwa wanajaribu kuinua macho juani.

Hapo nikajitazama kifuani. Mabati ya stoo ni ya zamani, yamejaa matundu ya misumari. Kwenye shati langu chafu kulikuwa na vijua kumi, kila kimoja kimemegwa upande! Ukutani vingine thelathini. Sakafuni, kwenye majembe, kila mahali, vijua vilivyoumwa!

Nikaupiga teke mlango. "Adeke! Waingize humu! Kila tundu ni kadibodi yako!"

Akachungulia. Kisha akacheka kama mtoto, akawapanga mistari. Mimi nikapaza sauti: macho chini, ingieni thelathini thelathini! Hakuna aliyethubutu kuangalia juu. Adeke akaeleza, mimi nikaonyesha kwa kiganja. Saa kumi vile vijua vilibaki vyembamba kama ukucha. Nje mwanga ulififia kama utambi umepunguzwa, upepo ukapoa, jogoo wa Mama Nanjala akapanda tawi. Chifu mwenyewe aliingia mara tatu. Bwana Ikapel alisimama na kijua kwenye kipara, hana habari.

Baadaye akaniuliza niligunduaje. Nikasema sikujificha, nilikuwa nafanya utafiti. Adeke alikohoa, lakini hakunisema.

Jumapili, 1 Julai

Uamuzi. Nafasi ni ya Adeke, anastahili, nimempa mkono. Lakini! Bwana Ikapel ataandika barua kuomba nafasi ya pili Januari, kwa jina langu. Amesema nina sauti ya mwalimu, ila nithibitishe saa kabla ya kutangaza. Nimekubali kwa moyo wote. Adeke ameahidi kunisomesha Jumatano na Ijumaa.

Usiku redio ya London imesema nyota yenye mkia inakuja mwisho wa mwaka, labda kubwa kuliko zote. "Labda" ni tabia ya Wazungu kutojiamini. Kesho asubuhi, kabla Adeke hajaamka, naenda kwa chifu. Nitamwambia itang'aa hata mchana, Krismasi nzima watu wa Malaba hadi Kocholia hawatahitaji mafuta ya taa.

Safari hii nina hakika.